Mbebaji na Mshikaji

Ndugu msomaji, kama ningetunga riwaya juu ya mwanasayansi aliyegundua njia ya kutenganisha rangi, halafu nikampa huyo bwana jina la Rangi, mhariri angenirudishia mswada wangu na kuniambia nimezidisha chumvi. Lakini historia haina mhariri. Mtu huyo alikuwepo kweli. Aliitwa Mikhail Tswett, na kwa Kirusi jina hilo maana yake ni rangi. Njia yake akaiita kromatografia, neno la Kigiriki lenye maana ya kuandika kwa rangi.

Mimi ni mtu wa hadithi. Kemia niliiaga nilipomaliza kidato cha nne, na sikutegemea kwamba siku moja nitaiandikia makala. Lakini nimeamua kuleta historia hii hapa, penye mashairi na hadithi fupi, kwa sababu nimeiona kuwa ni kisa kamili. Kina mtu aliyesema kweli akapuuzwa. Kina mabingwa waliomtilia shaka. Tena kina mwisho unaofika mpaka kwenye sufuria ya uji jikoni kwetu. Na ndani ya kisa chote swali ni lile lile moja, ambalo mkemia hulikabili kila anapoingia kazini: nichague kimiminika gani kibebe?

Jaribio la wino

Tuelewane kwanza. Chukua kipande cha karatasi nyeupe inayonyonya maji. Weka nukta ya kalamu nyeusi ya wino wa maji, zile wanazochorea watoto, kama sentimita 2 kutoka ukingoni. Chovya ukingo katika maji kidogo, ila nukta yenyewe isiguse maji. Maji yatapanda taratibu, na yakifika kwenye nukta yataanza kuuvuta wino. Baada ya dakika chache utaona ajabu. Ule weusi, mara nyingi, si weusi hata kidogo. Ni buluu na nyekundu na manjano zilizokuwa zimekumbatiana, na sasa kila moja imeshuka kituo chake.

Sasa rudia kwa bolpeni. Maji yatapita yakiiacha nukta palepale, kama daladala iliyojaa inavyomwacha abiria kituoni. Mwaga maji, tia spiriti. Kumbe! Wino unaanza safari.

Humo ndani ya jaribio hilo dogo mna kromatografia nzima. Kuna wawili wanaogombea kila rangi. Wa kwanza ni karatasi, ambayo haiendi popote; huyu namwita mshikaji, na simaanishi yule wa kijiweni bali yule anayeshika kweli. Wa pili ni maji au spiriti inayotembea. Huyu namwita mbebaji. Rangi inayompenda mshikaji hubaki nyuma. Inayompenda mbebaji hutangulia. Mbebaji akiwa dhaifu, hakuna anayeondoka. Mbebaji akiwa na nguvu kupita kiasi, wote wanafika mwisho kwa pamoja wakiwa wamebanana vile vile walivyokuwa, na hujatenganisha kitu. Ufundi wote uko katikati.

Mtu aitwaye Rangi

Tswett alizaliwa mwaka 1872 katika mji wa Asti, Italia, baba Mrusi na mama Mwitalia. Mama alifariki mapema, mtoto akalelewa Uswisi, akasoma huko mpaka akapata udaktari wa sayansi mjini Geneva mwaka 1896. Mwaka huo huo akaenda Urusi, nchi ya baba yake. Huko akaambiwa kwamba shahada yake ya Geneva haitambuliki. Hakukata tamaa. Akaanza upya, akapata shahada ya Kirusi huko Kazan mwaka 1901, kisha akaenda kufanya kazi Warsaw, mji ambao siku hizo ulikuwa chini ya Urusi.

Alikuwa mtaalamu wa mimea, na kilichomsumbua kilikuwa kitu kidogo tu. Klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, ikishatolewa ndani ya jani huyeyuka vizuri katika etha ya petroli. Lakini ukisaga majani na kuyamiminia etha ya petroli tupu, kinachotoka ni umanjano wa karotini. Kijani kinakataa kutoka. Ongeza alkoholi kidogo katika ile etha, na kijani chote kinatoka mbio. Sasa kama klorofili inayeyuka katika etha, kwa nini isitoke?

Mwingine angesema alkoholi imeibadilisha klorofili. Tswett akafikiri vingine. Akasema klorofili imegandia kwenye nyama ya jani. Etha inaweza kuiyeyusha lakini haina nguvu ya kuibandua, na alkoholi inazo nguvu hizo. Ili kuhakikisha, akazigandisha rangi zile kwenye karatasi ya kuchujia, halafu akazijaribu kwa vimiminika vile vile. Karatasi ikafanya kama lilivyofanya jani.

Tafadhali simama hapa kidogo, msomaji. Watu wakisimulia habari za Tswett huanza na mrija wake wa kioo. Mimi naona mrija ulikuja baadaye. Alichokiona kwanza ni tofauti kati ya vimiminika viwili, kimoja kinachoacha na kimoja kinachochukua, na kwamba tofauti hiyo inaweza kutumika kama kisu.

Tarehe 21 Machi 1903, kwa kalenda yetu ya leo, alisimama mbele ya chama cha wanasayansi wa viumbe mjini Warsaw akaeleza wazo lake. Alikuwa amejaribu unga wa aina zaidi ya 100 kutafuta mshikaji anayefaa. Mwaka 1906 akachapisha makala mbili katika jarida la chama cha wataalamu wa mimea wa Ujerumani, na humo ndimo jina kromatografia lilimotokea. Alishindilia chaki laini ndani ya mrija mwembamba wa kioo. Juu yake akamimina rangi za majani zilizoyeyushwa katika disalfidi ya kaboni, kimiminika chenye sumu na kinachoshika moto upesi, kisha akaendelea kumimina kimiminika hicho kikiwa kitupu. Rangi zikashuka kila moja kwa mwendo wake. Karotini, ambaye hana habari na chaki, akatangulia chini. Nyuma yake zikajipanga pete za manjano na za kijani. Na kijani hakikuwa kimoja! Zilikuwa klorofili mbili, ambazo leo kila mwanafunzi wa biolojia anazijua kwa jina la a na b.

Uchaguzi wake ulikuwa wa mtu makini. Klorofili huharibika upesi ikikutana na asidi, kwa hiyo alipokuwa akisaga majani alitia unga wa kuizima asidi ya majani yenyewe. Na mshikaji alimchagua mpole, chaki au sukari au inulini, ambaye anashika bila kuvunja. Alijua kwamba mbebaji na mshikaji hawatakiwi kumdhuru abiria. Kama abiria anabadilika sura njiani, anayefika si yule aliyepanda.

Robo karne ya ukimya

Na hapo ndipo walipomtilia shaka. Wakemia wakubwa wa zama zile walizoea kusafisha kitu kwa kukigeuza fuwele na kukipima kwenye mizani. Huyu mtaalamu wa mimea anawaletea pete za rangi ndani ya mrija! Leon Marchlewski wa Kraków alibishana naye katika majarida. Richard Willstätter, Mjerumani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1915 kwa utafiti wa klorofili na rangi nyingine za mimea, aliona kwamba unga wa kushikia unaibadilisha klorofili. Na kweli, ukimchagua mshikaji mkali, inabadilika. Tswett alikuwa ameshalisema hilo. Lakini neno la mshindi wa Nobel ni zito, na wengi walilichukua kama hukumu.

Mwaka 1910 Tswett alitoa kitabu kizima juu ya rangi za mimea na wanyama, akakiandika kwa Kirusi. Kisha vita ikaja. Mwaka 1915 Wajerumani wakaiteka Warsaw, chuo chake kikahamishwa. Mwaka 1917 akapata uprofesa huko Tartu, Estonia, na mwaka uliofuata Wajerumani wakafika na huko. Akahamia Voronezh. Mwaka 1918 jina lake lilikuwa limependekezwa kwa Tuzo ya Nobel ya kemia, asiipate. Alifariki Juni 1919 akiwa na miaka 47, na kwa wakemia walio wengi njia yake ilikuwa kama haipo.

Nasema walio wengi, si wote. Leroy Palmer huko Marekani aliitumia kuchunguza rangi ya maziwa na siagi, na Charles Dhéré huko Uswisi aliithamini. Ila wachache hawa hawakuweza kuufanya ulimwengu ugeuke.

Ulimwengu uligeuzwa na tafsiri. Willstätter, pamoja na mashaka yake yote, alikuwa na tafsiri ya Kijerumani ya kile kitabu cha 1910. Tafsiri hiyo ilimfikia Richard Kuhn, aliyekuwa mwanafunzi wake, huko Heidelberg. Katika maabara ya Kuhn kulikuwa na kijana kutoka Vienna, Edgar Lederer, aliyekuwa na miaka 22 tu, rika letu kabisa. Lederer aliisoma, akafuata maelekezo, na mwaka 1931 yeye na Kuhn na Alfred Winterstein wakaonyesha kwamba karotini ya karoti, iliyodhaniwa kuwa kitu kimoja, ina sura zaidi ya moja. Wakatenganisha pia rangi za kiini cha yai. Kwa muda mfupi maabara za Ulaya zikajaa mirija ya kioo. Miaka 25 ilikuwa imepita tangu makala za 1906.

Mshikaji anapokuwa maji

Mpaka hapo mshikaji alikuwa kitu kikavu: chaki, sukari, karatasi. Waingereza wawili, Archer Martin na Richard Synge, ndio waliothubutu kusema kwamba hata maji yanaweza kuwa mshikaji.

Walikuwa wakitafuta namna ya kutenganisha amino asidi, yale matofali yanayojenga protini, kwa ajili ya utafiti wa sufu ya kondoo, na kazi yao ilifikia kilele katika kituo cha utafiti wa sufu mjini Leeds. Kwanza walitengeneza mtambo ambao vimiminika viwili visivyochanganyika vilipishana, kimoja kikienda huku na kingine kule. Ulikuwa mtambo wa kuchosha. Baadaye Martin akang'amua kwamba hakuna haja ya kuvitembeza vyote viwili. Kimoja kikikaa na kimoja kikitembea, kazi ni ile ile. Basi wakachukua silika, wakainywesha maji huku ikiendelea kuonekana kavu kama unga, wakaijaza ndani ya mrija, na juu yake wakapitisha klorofomu. Maji yakashika, klorofomu ikabeba. Amino asidi hazina rangi, kwa hiyo wakatia ndani ya yale maji rangi inayogeuka nyekundu ikiguswa na asidi, na pete zikajionyesha. Hiyo ilikuwa mwaka 1941. Mwaka 1952 wakapewa Tuzo ya Nobel.

Kuna jambo dogo hapa linalonifurahisha sana. Klorofomu haichanganyiki na maji, lakini hunywa tone moja moja. Ukiipitisha ikiwa kavu, itayakomba yale maji kidogo kidogo mpaka mshikaji atoweke na pete zivurugike. Dawa yake ni kuishibisha klorofomu maji kabla haijaanza safari. Mbebaji anakuja akiwa ameshiba, hana njaa ya kumla mwenyeji wake. Wakemia wanaliita hilo kuafikiana kwa vimiminika. Sisi tungesema mgeni mwema hula kwao kabla ya kwenda matangani.

Mwaka 1944 Martin, pamoja na Raphael Consden na Hugh Gordon, wakarudi kwenye karatasi. Waliweka tone kwenye kona ya karatasi, wakaliendesha upande mmoja kwa mbebaji mmoja, wakaikausha karatasi, wakaigeuza, wakaliendesha upande wa pili kwa mbebaji mwingine. Vitu viwili ambavyo kolidini imeshindwa kuvitenganisha, fenoli inavitenganisha, maana kila mbebaji ana upendeleo wake. Kwa karatasi na vimiminika vya namna hii Frederick Sanger wa Cambridge aliweza kupanga mnyororo wa insulini nzima, kazi iliyokamilika mwaka 1955. Mwanadamu aliijua protini kwa mara ya kwanza herufi kwa herufi, na kifaa chake kikubwa kilikuwa karatasi iliyolowa.

Masharti ya uchaguzi

Sasa utaniuliza: bwana wee, mbebaji huchaguliwaje? Kwa kubahatisha? Hapana. Mwaka 1940 Wilhelm Trappe alivipanga vimiminika kwa ngazi, kuanzia vile dhaifu kama etha ya petroli, kupanda kupitia klorofomu na asetoni, hadi alkoholi na maji, vyenye nguvu ya kumbandua abiria yeyote kwenye unga kama silika. Ukiona vitu havisogei, panda ngazi. Ukiona vyote vinakimbia, shuka. Na kama kimoja hakitoshi, changanya viwili, mpaka upate nguvu unayoitaka.

Ila nguvu peke yake haitoshi. Sharti la kwanza, wanaochanganywa wakubali kuchanganyika. Heksani na maji havikai nyumba moja. Mashine iliyokuwa na heksani ukiitia maji moja kwa moja umejitafutia balaa, lazima upitishe kwanza alkoholi ya kati, kama isopropanoli, inayokubaliana na pande zote. Sharti la pili, chumvi ibaki imeyeyuka. Chumvi za fosfeti huyeyuka vizuri katika maji, lakini ukizidisha asetonitrili zinaganda na kuwa mchanga, na mchanga ndani ya pampu si mzaha. Sharti la tatu, mbebaji asimfiche abiria. Siku hizi vitu vingi hutambuliwa kwa mwanga wa urujuanimno. Asetoni hula mwanga huo chini ya nanomita 330 hivi, kwa hiyo haifai pale ambapo abiria anaonekana kwa mwanga wa namna hiyo, wakati asetonitrili hupitisha mpaka karibu na 190. Sharti la nne ni lile la Tswett: asimdhuru abiria.

Masharti manne, na ukikosea moja tu, mashine itakupa jibu zuri la uongo. Hapo ndipo kisa chetu kinapotoka maabara.

Bata mzinga, karanga na mahindi

Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa ugonjwa usiojulikana. Uchunguzi ukafuata chakula chao ukaishia kwenye mashudu ya karanga kutoka Brazil. Muda si mrefu karanga za kwetu nazo zikaingia katika kesi: mwaka 1961 sampuli ya karanga kutoka Uganda ilikutwa na sumu kali, na ndani yake wakapata kuvu aitwaye Aspergillus flavus. Kuvu huyo ndiye aliyekuwa mpishi wa sumu. Lakini sumu yenyewe ni nini, na ni moja au nyingi?

Wakamtafuta mbebaji. Walichukua mabamba ya kioo yaliyopakwa silika nyembamba, wakaweka tone la sumu, na wakapandisha klorofomu iliyotiwa methanoli kidogo sana. Klorofomu tupu ni dhaifu mno kwa kazi hiyo, na methanoli ikizidi vyote vinakimbia. Kwa kipimo hicho cha katikati tone likagawanyika mara nne. Walipomulika bamba kwa mwanga wa urujuanimno gizani, madoa mawili yaling'aa buluu na mawili yaling'aa kijani. Basi yakapewa jina pale pale: B kwa buluu na G kwa kijani, kwa herufi za kwanza za Kiingereza, kisha 1 kwa lililotangulia na 2 kwa lililofuata. Ndiyo maana leo duniani kote kuna aflatoksini B1, B2, G1 na G2. Majina hayo ni kumbukumbu ya madoa kwenye bamba la kioo mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Na ujue kwamba mpangilio huo si sheria ya mbinguni. Katika mashine za kisasa mshikaji ni silika iliyovishwa mafuta, na mbebaji ni maji yaliyochanganywa na methanoli au asetonitrili. Humo foleni inageuka kichwa chini: G2 hutoka kwanza na B1, yule aliyekuwa kinara, hutoka mwisho. Sumu ni zile zile.

Kwa nini nakusumbua na sumu? Kwa sababu hiyo B1 huharibu ini na kuleta saratani, na haina ladha wala harufu ya kukuonya. Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki mwa Kenya kama Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumu hii, na 125 kati yao walikufa. Mwaka 2016 ikawa zamu yetu Tanzania: mikoa ya Dodoma na Manyara, wagonjwa 68, vifo 20. Kiwango kinachoruhusiwa Afrika Mashariki kwa mahindi ni sehemu 10 katika bilioni kwa aflatoksini zote pamoja, na 5 kwa B1. Sehemu 5 katika bilioni! Jicho haliwezi, ulimi hauwezi. Dada yangu husaga unga wa lishe wa mwanawe, mahindi na karanga na mtama, anachagua punje moja moja na kutupa zilizooza. Anafanya vyema, na kuchambua kunasaidia. Lakini kuijua hesabu hiyo ya sehemu 5 kunahitaji vipimo, na kipimo kikubwa kati ya hivyo ni mtoto wa mrija wa Tswett, na usahihi wake unategemea mtu fulani amechagua vizuri kimiminika cha kubeba.

Mbebaji anapoadimika

Kuna siku mbebaji mwenyewe hukosekana. Asetonitrili, kipenzi cha maabara za dunia, kwa kiasi kikubwa haitengenezwi kwa makusudi. Hupatikana kama masalia viwandani wanapotengeneza akrilonitrili, malighafi ya nyuzi za nguo na plastiki za magari. Mwaka 2008 uchumi wa dunia ulipoanguka, magari hayakununuliwa, akrilonitrili ikapungua, na asetonitrili ikapungua nayo. Mwaka huo huo viwanda vya China vilipunguza kazi kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya Beijing, na kimbunga Ike kikapiga Texas mwezi Septemba. Bei ikapaa. Wakemia waliokuwa wamezoea chupa moja wakalazimika kujifunza methanoli, ambayo ni rahisi lakini ikichanganywa na maji huwa nzito na kuielemea pampu, tena inahitaji vipimo vyote vikaguliwe upya. Ama kweli, aliyezoea gari hujua umbali siku linapoharibika.

Sisi tuliozaliwa kwenye uhaba hatushangai sana. Kuna sanduku la maabara ya mkononi liitwalo Minilab, lililobuniwa na shirika la hisani la Ujerumani miaka ya 1990 kwa ajili ya kukamata dawa bandia. Ndani yake mna mabamba ya silika na orodha fupi ya vimiminika: methanoli, asetoni, asidi ya siki, amonia na vingine vichache. Mamlaka ya dawa ya Tanzania, iliyoitwa TFDA mpaka 2019 na sasa TMDA, iliyasambaza masanduku hayo kwenye vituo vya mipakani na mikoani. Waliobuni njia hizo hawakuuliza ni mbebaji gani aliye bora kupita wote duniani. Waliuliza nani aliye bora kati ya wale wanaopatikana, wanaobebeka, na wasiohitaji umeme. Huo nao ni uchaguzi, tena mgumu kuliko ule wa tajiri.

Neno linalotembea

Vijana wenzangu waandishi, sasa naomba nirudi kwenye fani yetu. Ukiitazama historia hii utaona kwamba ukweli wa Tswett ulikamilika mwaka 1906. Chaki ilishika, kimiminika kilibeba, pete zilionekana. Kilichokosekana ni mbebaji wa pili, yule wa kuutoa ukweli kwenye meza yake na kuufikisha kwa wakemia. Makala zake zilikwenda kwa wataalamu wa mimea. Kitabu chake kilibaki ndani ya Kirusi. Akaja mtu asiyetajwa sana, mfasiri, na karatasi zake zikamfikia kijana wa miaka 22 aliyekuwa tayari kufuata maelekezo. Basi.

Kwa hiyo mimi nalipenda neno sumukuvu. Wataalamu wetu wamelitumia mahali pa aflatoksini, na kila ninapolisikia nafurahi. Aflatoksini ni neno zuri maabarani, ila ukilipeleka gulioni linagandia juu ya meza kama bolpeni kwenye maji. Sema sumukuvu, na mama anayeanika mahindi chini ameshajua mambo mawili: kuna kuvu, na kuna sumu. Hajahitaji semina. Neno limemfikia likiwa zima, halijabadilika njiani.

Taarifa nyingi za vipimo bado zinaandikwa kwa lugha ambayo mla uji haisomi. Namba zimo humo, sahihi, zimegandia. Sisi tunaotafuta riwaya ya kuandika, tunalalamika kwamba hatuna visa. Kimoja hiki hapa, na mbebaji wake tunaye mdomoni.